Ngoma ya Breki Iliyolika: Ikerezwe au Ibadilishwe?

Katika kata ya Masukulu, wilayani Rungwe, barabara hupanda na kushuka vilima, na mvua nyingi huzijaza tope. Gari literemkapo huko likiwa na shehena ya ndizi, uhai wa waliomo hutegemea breki. Kwa hiyo, mwenye gari aambiwapo na fundi kwamba ngoma za breki zimelika, uamuzi wa kuzitengeneza au kununua nyingine si wa fedha peke yake.

Ngoma ya breki, ambayo mafundi huiita dramu, ni mfano wa bakuli la chuma lizungukalo pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili vilivyovikwa bitana ngumu. Dereva akanyagapo pedali, viatu hutanuka na kuusugua ukuta wa ngoma, na nguvu ya mwendo hugeuka kuwa joto. Gari la tani 2 likiteremka kimo cha mita 100 bila kuongeza mwendo, hutoa joto liwezalo kupasha karibu lita 6 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 za Sentigredi. Gia ndogo huiachia injini sehemu ya kazi hiyo. Sehemu kubwa ya inayobaki huangukia breki.

Hapa ndipo unene wa ngoma unapokuwa na maana. Ngoma nene hupokea joto bila kupata moto upesi. Iliyokonda huchemka haraka, hutanuka na kuvikimbia viatu. Pedali hushuka na breki hulegea, aghalabu katikati ya mteremko.

Mikwaruzo isiyo na kina huweza kuondolewa kwa mashine ya kukereza. Lakini kila ukerezaji hupunguza chuma kisichorudi. Ngoma nyingi zimepigwa chapa ya kipenyo cha ndani kisichopaswa kupitwa. Kwa magari madogo, aghalabu huzidi kipenyo cha awali kwa milimita 1 au 2 tu. Fundi hana budi kupima mahali kadhaa, kwani ngoma huweza kulika upande mmoja. Ikiwa baada ya kukerezwa itapita kipimo hicho, au ikiwa ina ufa, ibadilishwe. Ngoma iliyokwisha kutumika, inunuliwapo, nayo ipimwe vivyo hivyo.

Viatu vilivyolika au kulowa mafuta vibadilishwe kwa magurudumu yote mawili ya ekseli, ili gari lisivute upande mmoja. Mafuta yakionekana, mahali yanapovuja patengenezwe kwanza. Vumbi la ndani lisipulizwe, kwa kuwa bitana nyingine zina asbesto, ambayo hudhuru mapafu; lipanguswe kwa kitambaa kibichi.

Ngoma iliyong'arishwa huweza kupendeza macho ilhali imekwisha nguvu. Mwenye gari asiulize tu kama imekerezwa, bali aulize imebaki na kipimo gani.