Karisimbi, Mlima wa Kofia Nyeupe

Askari wa nchi zetu asikiapo habari za majira ya baridi, fikra zake huenda moja kwa moja Ulaya. Huona watu waliovaa makoti mazito, barabara zilizofunikwa na theluji, na vijana wanaoteremka milimani kwa mbao ndefu za skii zilizofungwa miguuni. Hata hivyo, ndugu wasomaji, baridi ya namna hiyo haiko mbali nasi. Iko mwendo wa saa chache tu kutoka Kigali, nayo imekwisha kuua watu. Ndiyo maana, katika siku yetu moja ya mapumziko, tuliamua kwenda kuitazama na kuipiga picha.

Tuliondoka Nyabugogo saa kumi kasorobo alfajiri, baada ya mvua kubwa iliyonyesha usiku kucha. Barabara ya kaskazini hupanda Shyorongi kwa kona nyingi, hupita Base na Gakenke, kisha huingia Musanze, mji uliojulikana zamani kwa jina la Ruhengeri. Mabonde yalikuwa yamejaa ukungu mzito, na dereva wetu hakuona haya kwenda polepole. Kulipopambazuka tulikuwa tumekwisha fika Kinigi, kati ya mashamba ya viazi na pareto, na volkano zimesimama mbele yetu.

Upande wa Rwanda volkano hizo ni tano: Karisimbi, Bisoke, Sabyinyo, Gahinga na Muhabura. Karisimbi ndiyo ndefu kuliko zote za safu ya Virunga, nayo asubuhi ile ilikuwa na kofia nyeupe. Jina lake huhusishwa na simbi, lile kauri jeupe ambalo Kinyarwanda na Kiswahili hulitaja kwa neno linalokaribiana. Masimulizi ya kale husema kwamba roho za wafuasi wa Ryangombe hupumzika huko juu.

Tulisimamisha kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, jua likiwa nyuma yetu. Mzee mmoja aliyekuwa akienda shambani na jembe lake alisimama kututazama. Tulimwamkia, tukamwuliza, “Mzee, weupe ule utakaa hadi lini?”

Akajibu, “Wanangu, hiyo ni ya asubuhi tu. Fanyeni haraka, jua likipanda hamtaiona tena.”

Alisema kweli. Kabla ya saa tatu mawingu yalikuwa yamefunika kilele chote. Apendaye kupiga picha za milima hii na asilale mno.

Weupe ule huwa mara nyingine mvua ya mawe, na mara nyingine theluji yenyewe. Haidumu, tofauti na barafu ya Kilimanjaro, ya Mlima Kenya na ya Rwenzori, ambayo nayo inazidi kupungua mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo hapana skii Karisimbi. Lakini mtu asidanganyike kwa sababu hiyo. Kigali iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Karisimbi kiko mita 4,507. Kwa kawaida, kila upandapo mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi zipatazo 6. Mchana wa nyuzi 25 mjini Kigali ni kama nyuzi 7 kule juu, na usiku maji huganda. Ongeza upepo na nguo zilizolowa, utapata hatari kamili.

Mwaka 1908 mwanajiolojia Mjerumani Kirschstein, aliyekuwa katika msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alikumbwa na tufani ya theluji na mvua ya mawe juu ya Karisimbi. Wapagazi 20 walikufa kwa baridi. Jina la mwanajiolojia limebaki vitabuni. Wapagazi wametajwa kwa idadi yao tu. Walikuwa watu wa nchi ya joto, wamevaa nguo nyepesi, wamebeba mizigo ya mtu mwingine.

Miaka 82 baadaye, mwishoni mwa 1990, wapiganaji wa RPA walijificha katika milima hiyo hiyo ya Virunga, kabla ya kuushambulia mji wa Ruhengeri tarehe 23 Januari 1991. Baadhi yao hawakuiona siku hiyo. Hawakupigwa risasi, walikufa kwa baridi.

Wenzetu wa kaskazini ya dunia walilijua jambo hili mapema, wakalifanya kuwa sehemu ya mafunzo. Katika vita vya 1939 na 1940 askari wa Finland walipita misituni kwa skii, wamevaa nguo nyeupe, wakalisumbua sana jeshi la Urusi lililokuwa kubwa mno kuliko lao. Hata mchezo wa Olimpiki wa kwenda kwa skii na kulenga shabaha kwa bunduki una asili yake katika doria za kijeshi. Mchezo mwanzoni ulikuwa kazi.

Basi yafaa nasi tujue dalili. Mtu aliyeshikwa na baridi hutetemeka kwanza, kisha ulimi wake huwa mzito na miguu hujikwaa. Akiacha kutetemeka na kuomba aachwe alale, hapo hatari imekuwa kubwa. Avuliwe nguo zilizolowa, avishwe kavu, afunikwe hadi kichwani, na apewe chai tamu ya moto ikiwa anaweza kumeza mwenyewe. Asipewe pombe, kwani humwongezea kupoteza joto. Kisha ateremshwe na kupelekwa kwa mganga. Mwenzake asimwache peke yake kwa hali yoyote.

Wakati wa kurudi tulisimama Nyirangarama tukala mishikaki na viazi, tukazitazama picha zetu. Nzuri kuliko zote ni ile ya kwanza: mashamba ya kijani, msitu mweusi, na juu yake kofia nyeupe inayong’aa. Atakayeiona atasema ni mahali pa starehe. Sisi tuliiangalia tukawakumbuka wale 20, na wale vijana wa 1990.

Ndugu askari, ukipata likizo nenda ukauone mlima huo. Ukitaka kuupanda, ni safari ya siku mbili: wasikilize waongozaji wa hifadhi, na katika mfuko wako tia nguo kavu kabla ya kutia kamera.