Tone la Damu Mbele ya Mwanga: Jinsi Hemoglobini Inavyopimwa kwa Usahihi

Wahudumu wa kliniki za wajawazito wanalifahamu swali hili: "Mbona umenitoboa kidole, kisha ukaifuta damu ya kwanza kwa pamba?" Mama huona kana kwamba ameumizwa na damu yake imetupwa bure. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha kipimo chenyewe. Kifaa kinachosoma hemoglobini kwa mwanga kina usahihi mkubwa, lakini hukisoma kile tu kinacholetwa mbele yake. Makala haya yanaeleza namna kifaa hicho kinavyofanya kazi, na sababu ya tone linalochaguliwa kuwa na uzito mkubwa katika uamuzi wa tiba.

Funzo la chai ya rangi

Hemoglobini ni protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu. Ndiyo inayobeba oksijeni, na ndiyo inayoipa damu wekundu wake. Kwa kuwa ina rangi, hufyonza mwanga, na kadiri inavyokuwa nyingi ndivyo mwanga unaopenya unavyopungua.

Jambo hili linaonekana hata nyumbani. Mimina chai ya rangi katika glasi mbili, moja nyepesi na nyingine nzito, kisha ziinue juani. Iliyo nyepesi hupitisha mwanga mwingi. Iliyo nzito hupitisha kidogo. Kisha itazame glasi moja kwa ubavuni, halafu kutoka juu hadi chini. Chai ni ileile, lakini kutoka juu huonekana nzito zaidi, kwa sababu mwanga umesafiri umbali mrefu zaidi ndani yake.

Mambo hayo mawili ndiyo msingi wa kanuni inayotumika katika maabara duniani kote. Mwaka 1760, Johann Heinrich Lambert alieleza uhusiano kati ya unene wa kitu na mwanga unaopita ndani yake. Mwaka 1852, August Beer wa Ujerumani akaonyesha nafasi ya ukolezo wa kimiminika. Ikiwa chai ya ukolezo fulani hupitisha nusu ya mwanga, yenye ukolezo maradufu itapitisha robo, na yenye ukolezo mara tatu itapitisha sehemu moja ya nane. Jicho la binadamu haliwezi kuhesabu tofauti hizo kwa uhakika. Kihisi cha mwanga kinaweza, kwa kuwa hugeuza mwanga unaokifikia kuwa mkondo wa umeme unaopimika.

Ndani ya kifaa

Vifaa vingi vidogo vya kupimia hemoglobini hutumia kijikombe bapa cha plastiki angavu. Aina inayotumika sana huchukua mikrolita 10 za damu, yaani sehemu moja ya mia ya mililita. Kijiko kimoja cha chai chenye mililita 5 kingetosha vipimo 500. Damu hujivuta yenyewe katika mwanya mwembamba ulio kati ya kuta mbili. Kwa kuwa umbali kati ya kuta hizo umewekwa kiwandani na haubadiliki, kinachobaki kuamua ni mwanga kiasi gani utapenya ni ukolezo wa hemoglobini peke yake.

Ndani ya vijikombe vya aina hiyo mna kemikali kavu zinazopasua chembe nyekundu ili hemoglobini itoke, kisha kuigeuza iwe katika umbo moja lenye rangi thabiti. Baadhi ya vifaa hupitisha mwanga wa aina mbili. Wa kwanza, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 570, hufyonzwa na hemoglobini iliyogeuzwa. Wa pili, wa nanomita 880, hauonekani kwa macho na haufyonzwi sana na hemoglobini hiyo. Kazi yake ni kubaini mwanga uliopotea kwa sababu nyingine, kama vile mafuta yaliyomo katika damu. Kifaa huondoa upotevu huo katika hesabu, na jibu hupatikana kwa muda mfupi.

Kosa dogo, uamuzi mkubwa

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mjamzito ana upungufu wa damu iwapo hemoglobini yake iko chini ya gramu 11 kwa desilita katika miezi mitatu ya kwanza na ya mwisho ya ujauzito, au chini ya gramu 10.5 katika miezi mitatu ya kati. Chini ya gramu 7, upungufu huo ni mkali.

Tuchukue mfano wa mama mwenye gramu 11.6. Kidole chake ni cha baridi, damu haitoki vizuri, na mhudumu anakikamua kwa nguvu. Majimaji ya tishu huchanganyika na damu. Yakifikia sehemu moja ya kumi ya tone, kifaa kitasoma takriban gramu 10.4, na mama asiye na upungufu wa damu ataandikwa kuwa anao. Matone ya mwanzo nayo huweza kuwa na majimaji hayo, au mabaki ya spiriti. Ndiyo maana hufutwa.

Kosa la upande wa pili ni la hatari zaidi. Damu iliyobaki nje ya kuta za kijikombe huziba mwanga, na kifaa huihesabu kana kwamba iko ndani. Mama mwenye gramu 6.8 akisomwa kuwa na 7.3, huenda akarudishwa nyumbani wakati alipaswa kupewa rufaa. Kiputo cha hewa, kinyume chake, hupitisha mwanga pasipo na damu na kushusha jibu.

Kwa mtoa huduma

Pasha joto mkono ulio baridi. Tumia kidole cha kati au cha pete, utoboe pembeni mwa ncha yake baada ya spiriti kukauka kabisa. Futa matone mawili au matatu ya mwanzo, kisha subiri tone kubwa litoke kwa mgandamizo mdogo tu. Jaza kijikombe kwa mkupuo mmoja; kisipojaa, usiongeze, bali chukua kingine. Futa kuta za nje bila kunyonya damu iliyo ndani, kagua viputo, kisha pima mara moja.

Funika chombo cha vijikombe kila unapochukua kimoja, hasa katika maeneo ya pwani, kwa kuwa unyevu huharibu kemikali zake. Andika tarehe ya kukifungua, na ukikague kifaa kwa sampuli ya udhibiti kama mtengenezaji alivyoelekeza. Jibu lisilolingana na hali ya mgonjwa, kama vile weupe wa viganja au kuhema kwa shida, lirudiwe kabla ya kuandikwa.

Kwa mgonjwa

Mhudumu anapofuta damu ya kwanza au kurudia kipimo, hafanyi uzembe. Anatafuta jibu la kweli. Unayo haki ya kuuliza namba yako na maana yake. Ikumbukwe pia kwamba namba hiyo hueleza kiasi cha hemoglobini, si chanzo cha upungufu. Chanzo chaweza kuwa ukosefu wa madini ya chuma, malaria, minyoo ya safura, selimundu au kupoteza damu, na kila kimoja kina tiba yake. Kwa hiyo, usiishie kwenye namba: rudi kwa mhudumu, sikiliza maelezo yake, na utumie dawa kama ulivyoelekezwa.