Kidole Chenye Kujikunja na Mukono Wenye Kuuma



Mikono ya mama haina siku ya kupumuzika. Asubuhi inachota maji, muchana inashika jembe na mupanga, mangaribi inatwanga sombe, usiku inabeba mutoto. Kwa hiyo mama akiona kidole kimeanza kujikunja, ao mukono unamuuma miezi na miezi, moyo wake unaingia woga. Anajiuliza: “Nani atanilimia? Nani atafulia watoto?” Kisha anaficha mukono ndani ya kikwembe na kunyamaza.

Karatasi hii inataka kuwaambia neno moja: musifiche mukono. Vidole vinajikunja kwa sababu nyingi. Sababu zingine si za haraka. Lakini kuna moja yenye kuhesabiwa kwa miezi, na mwenye kuchelewa anaweza kupoteza mukono wake.

UGONJWA WA DUPUYTREN NI NINI?

Chini ya ngozi ya kiganja kuna utando mugumu. Kazi yake ni kushika ngozi ili isiteleze tunaposhika kitu. Kwa watu wengine utando huu unaanza kunenepa. Kwanza mutu anasikia kivimbe kidogo kigumu katika kiganja, zaidi chini ya kidole cha pete ao kidole kidogo. Baadaye kivimbe kinakuwa kama kamba chini ya ngozi, na kamba ile inavuta kidole polepole, mwaka kwa mwaka, mpaka kinakataa kunyooka.

Jina hili linatoka kwa Guillaume Dupuytren, munganga wa upasuaji wa Paris katika Ufaransa, aliyefanya upasuaji wa mukono kama huu katika mwaka 1831 na kuufundisha kwa wengine. Ugonjwa unapatikana zaidi kwa watu wa Ulaya ya kaskazini, kwa wanaume kuliko wanawake, na kwa watu waliopita miaka 50. Mara nyingi unatembea ndani ya jamaa. Mutu mwenye ugonjwa wa sukari, mwenye kunywa pombe sana ao kuvuta tumbako anaupata kwa urahisi zaidi. Kwetu Afrika ni wa shida kuonekana, lakini haukosi kabisa.

Mukumbuke mambo matatu juu yake. Si kansa. Hauambukizi mutoto wala mume. Na kwa kawaida hauumi sana: kivimbe kinaweza kuuma kidogo mwanzoni, kisha kinatulia. Basi, kama mukono unauma sana ao unauma siku zote, inafaa munganga atafute sababu ingine.

KWA NINI TUNAANGALIA UKOMA KWANZA?

Katika Kongo wagonjwa wapya wa ukoma, ambao wengine wanauita maba, wangali wanapatikana kila mwaka. Ukoma unaharibu mishipa ya fahamu, ile yenye kupeleka habari toka vidole mpaka kichwani. Mushipa unaopita nyuma ya kiwiko ukiharibika, vidole viwili vinajikunja: kidole kidogo na kidole cha pete. Ni vile vile ambavyo Dupuytren anapenda kukunja! Ndiyo sababu mutu asiyejua anaweza kuchanganya magonjwa haya mawili.

Tofauti kubwa ni hii: mukono wa ukoma unapoteza kusikia. Mama anashika chungu cha moto na hasikii. Anaona lengelenge kesho yake na kuuliza: “Nilichomeka wapi?” Wengi wanafurahi kwa kuwa hawaumwi, na wanakaa nyumbani. Hapo ndipo hatari ilipo. Mukono unaouma unakulilia uusaidie. Mukono usiosikia kitu unanyamaza huku unakufa.

Zamani mwenye ukoma alitengwa na jamaa. Munganga Mwingereza Stanley Browne alifanya kazi katika hospitali ya Yakusu, kando ya muto Kongo chini ya Kisangani, toka 1936 mpaka 1959, na alitibu wagonjwa wengi wa ukoma. Siku zile wagonjwa walikaa katika kijiji chao peke yao. Leo si hivyo. Tangu 1981 dawa za ukoma zinatolewa pamoja, na zinaua vijidudu vyake. Mugonjwa anakunywa dawa miezi 6 ao 12, analala nyumbani kwake, anakula na watoto wake. Dawa ni za bure. Lakini dawa haziwezi kufufua mushipa uliokufa zamani. Mukono uliopoteza kusikia chini ya miezi 6 ungali na tumaini kubwa la kusaidiwa. Ukipita hapo, tumaini linapungua. Kwa hiyo musingoje.

MAJARIBU MANNE YA KUFANYA NYUMBANI

1. Uweke kiganja juu ya meza. Je, mukono unalala sawasawa, ao kidole kimoja kinabaki juu?

2. Ukinyooshe kidole kwa mukono wa pili, polepole, bila nguvu. Kikinyooka na kurudi kujikunja kikiachwa, pengine ni mushipa wa fahamu. Kikikataa kabisa, na unasikia kamba katika kiganja, pengine ni Dupuytren. Lakini ukoma wa zamani pia unakausha vidole, basi usiishie hapa.

3. Ufunge macho. Mutoto akuguse ncha za vidole kwa unyoya wa kuku, kimoja kimoja, nawe useme amegusa wapi. Ukikosa kusikia, uende kwa munganga juma hili.

4. Muangalie ngozi ya mwili wote, hata mugongo. Baka jeupe kidogo ao jekundu, lisilowasha na lisilosikia, lionyeshwe.

Majaribu haya hayatoshi kukupa jina la ugonjwa. Yanakusaidia tu kujua ni haraka gani uende. Munganga atagusa mishipa nyuma ya kiwiko, atapima nguvu ya vidole, na ataangalia sukari kama anaona inafaa.

MAGONJWA MENGINE YENYE KUUMIZA MUKONO

Kidole chenye kukwama. Asubuhi kidole kinakataa kufunguka, kisha kinaruka na kulia “kó!” Kano yake imevimba na haipiti vizuri katika njia yake. Kipumuzike. Kikiendelea, sindano moja ya hospitali mara nyingi inasaidia, ao upasuaji mudogo.

Mukono wenye ganzi usiku. Kidole gumba na viwili vinavyofuata vinachoma kama sindano, mama anaamuka na kukung’uta mukono. Hii inatokea sana wakati wa mimba, kwa kuwa maji ya mwili yanabana mushipa katika kifundo cha mukono. Mara nyingi inaisha baada ya kuzaa. Usiku ufunge kifundo kwa kibao kidogo kilichozungushwa kitambaa, kinyooke, lakini usikaze.

Maumivu upande wa kidole gumba. Haya ni ya wamama wenye kunyonyesha. Yanatoka kwa kumuinua mutoto mara nyingi huku gumba limetanuka chini ya kwapa lake. Umuinue kwa namna ingine: mukono mumoja chini ya matako, wa pili nyuma ya mugongo, viganja vikitazama juu, vidole vyote pamoja.

MUNGANGA AMENIAMBIA JINA LA UGONJWA. NIFANYE NINI?

Kusikia jina jipya la ugonjwa ni kama kupokea muzigo katikati ya njia. Kulia si kosa. Kutolala usiku wa kwanza si kosa. Lakini usirudi nyumbani na maneno nusu. Urudi tena kwa munganga pamoja na mume, dada ao mutoto mukubwa, na muulize:

– Ugonjwa huu unaitwaje, na unaambukiza?
– Utakwenda haraka ao polepole?
– Ni kitu gani kitanionyesha kwamba unazidi?
– Nirudi siku gani?

Kama ni Dupuytren, jibu mara nyingi ni kungoja na kuangalia. Kila miezi 3 uweke kiganja juu ya meza. Siku kidole kinakuzuia kunawa uso, kuvaa ao kushika jembe, hapo munganga wa upasuaji anaweza kukata kamba ile. Mukono unaweza kunyooka tena, lakini ugonjwa unaweza kurudi baada ya miaka. Hakuna dawa ya kunywa, wala mafuta ya kupaka, yenye kuyeyusha kamba. Mwenye kukuuzia hiyo sokoni anakula feza yako bure.

Kuna maneno mengine yenye kuumiza kuliko kidole. Watu watasema: “Wamemuloga. Mukono wake umekuliwa.” Hapana. Utando umenenepa, kano imevimba, ao mushipa umeharibika. Munganga anaweza kukionyesha kwa kidole chake. Usikubali jirani ao mama mukwe ashitakiwe juu ya kamba ya kiganja. Nawe baba unayesoma karatasi hii: bibi yako si muvivu. Mukono wake ni mugonjwa.

MAUMIVU YASIYOISHA

Maumivu yakipita miezi 3 yanakuwa kama ugonjwa wenyewe. Mutafahamu kwa mufano wa lokole, ngoma ile ya muti. Inapiga ili kutangaza habari: “Moto! Hatari!” Habari ikifika, mupigaji anapaswa kunyamaza. Lakini pengine mupigaji amezoea, anapiga usiku na muchana hata moto umezimika. Mishipa ya fahamu inaweza kufanya vilevile. Mama haongopi anaposema “inaniuma”. Ngoma inalia kweli. Lakini si kila mulio ni alama ya kwamba mukono unazidi kuharibika.

Namna ya kutuliza ngoma ni hii:

Usilaze mukono siku nzima. Mukono usiotembea unakauka. Asubuhi na mangaribi uutie katika maji ya vuguvugu, ufungue na kufunga vidole mara 10, polepole. Lakini kama hausikii vizuri, mutu mwingine apime maji kwanza, usije ukaungua.

Ugawanye kazi. Usilime shamba lote siku unayosikia vizuri, kisha kulala siku tatu. Ulime kidogo, upumuzike, ulime tena.

Ulale vizuri. Usiku bila usingizi unaongeza maumivu ya kesho. Na usikae peke yako na mawazo. Uongee na mwenzako unayemuamini. Kama unalia kila siku ao hutaki tena kula, umwambie munganga hilo pia. Ni sehemu ya ugonjwa.

KAZI ZA NYUMBANI

– Uzungushe kitambaa juu ya mupini wa jembe, mupanga na kisu mpaka unene. Mupini munene hauombi nguvu nyingi za vidole.
– Kutwanga sombe mufanye watu wawili kwa zamu. Wavulana pia wana mikono!
– Nguo nzito usikamue kwa vidole. Uitundike juu ya tawi na kuacha maji yatoke.
– Uchote maji kwa vyombo viwili vidogo kuliko ndoo moja kubwa.
– Mukono usiosikia usishike chungu bila kitambaa kinene. Kila jioni uutazame kama una kidonda.

DAWA

Parasetamoli ya miligramu 500 inaweza kusaidia: vidonge 2 asubuhi, 2 muchana, 2 usiku, usipite hapo. Mwenye ugonjwa wa ini ao aliyekonda sana aulize kwanza.

Ibuprofeni na diklofenaki zinauzwa kila mahali, lakini zikinywewa siku nyingi zinatoboa tumbo na kuumiza figo. Mwenye mimba asizinywe bila munganga, zaidi akipita mwezi wa tano.

Deksametazoni na predinisoloni, vidonge ambavyo wengine wanakunywa ili wanenepe, vinaficha maumivu siku chache, kisha vinapandisha sukari na kupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa. Munganga anaweza kuvitoa kwa sababu yake. Sokoni hapana.

Musikubali kuchanjwa kwa wembe uliotumiwa na mwingine. Wembe ule unaweza kuleta SIDA na ugonjwa wa ini. Wala musikubali kidole kivutwe kwa nguvu, kinaweza kuvunjika.

MUSINGOJE KAMA

– mukono umevimba, una moto, una usaha ao kuna homa: uende leo;
– kiwiko kinauma ghafula na vidole vinalegea ao vinakufa ganzi: uende leo;
– unachomeka bila kusikia, ao kuna baka lisilosikia: uende juma hili;
– kidole cha mutoto kinajikunja baada ya kuungua: umulete mbele kovu halijakauka.

Toka Masako mpaka Kisangani kwa barabara ya zamani ya Buta ni karibu kilomita 15. Ni safari, tunajua, hata kwa toleka ao pikipiki. Lakini uanze na kituo cha afya kilicho karibu. Siku unaleta mutoto kupimwa kilo, umuonyeshe muuguzi na mukono wako. Usiseme “nilikuja juu ya mutoto tu.” Mukono ule ndio unaomulisha mutoto.

MUKUMBUKE

Kidole kilichojikunja si laana.
Mukono usiosikia una haraka kuliko mukono unaouma.
Ugonjwa uliopata jina unapata na njia.
Musifiche mukono.

Mama aliyesoma karatasi hii amusomee na mwenzake asiyejua kusoma.