Saizi ya barakoa: kalipa au kamera?

Mfanyabiashara anayetoa barakoa za mpira zenye chujio Dar es Salaam na kuzipeleka migodini Lubumbashi, kupitia Tunduma na Kasumbalesa, huangalia bei, uzito na nyaraka za forodha. Saizi huulizwa mara chache. Hata hivyo, barakoa isiyokaa vizuri usoni hupitisha vumbi pembeni hata kama chujio lake ni zima, na mnunuzi akiligundua hilo anaweza kuukataa mzigo.

Saizi hizo hutokana na vipimo vya nyuso za watu. Njia ya zamani ni ya mkono, kwa kutumia kalipa, kifaa chenye miguu miwili kinachobana sehemu inayopimwa. Mpimaji hupapasa mfupa, huweka alama ya kalamu, ndipo anasoma milimita. Ni kazi ya polepole, na wapimaji wawili wanaweza kupata majibu tofauti: anayebana zaidi huibonyeza nyama, kipimo kikapungua.

Kamera haimgusi mtu. Lakini picha ya kawaida haina milimita ndani yake mpaka kuwe na rula au kitu chenye urefu unaojulikana karibu na uso. Kamera ikisogezwa mno, pua huonekana kubwa kuliko ilivyo. Skana ya pande tatu ni afadhali: huchukua umbo zima kwa sekunde chache, na unaweza kupima tena mhusika akiwa ameshaondoka. Nywele na ndevu huisumbua.

Njia hizi hukaribiana kwenye sehemu zinazoonekana wazi, kama pembe za macho na upana wa mdomo. Hupishana zaidi kwenye pembe za taya na mifupa ya mashavu, kwa sababu kamera huona ngozi wakati kidole hugusa mfupa. Ndiyo maana hata kabla ya skana alama huwekwa kwa mkono.

Mwaka 2003, taasisi ya NIOSH ya Marekani ilikusanya vipimo vya mkono vya watu 3,997, na 1,013 walipigwa skana pia. Takwimu za awali zilitoka kwa wanajeshi wa anga wa miaka ya 1960. Jedwali jipya lilichukua urefu wa uso wa milimita 98.5 hadi 138.5 na upana wa 120.5 hadi 158.5. Hao ni wafanyakazi wa Marekani, si wa Katanga, kwa hiyo usiagize saizi ya kati pekee ukidhani inamtosha kila mtu.

Mteja akikutumia picha za simu, mwombe vipimo viwili vya kalipa: kutoka pua inapoanzia kati ya macho hadi chini ya kidevu, na upana wa mashavu mfupa kwa mfupa. Kisha tanguliza barakoa chache za kila saizi wazijaribu, wenye ndevu wakiwa wamenyoa, kabla lori halijapakiwa.