Ukitaka miwani, jitengenezee

Mama mmoja alimtia adabu mwanawe kwa sababu ya miwani, na kutokana na adabu hiyo ikazuka kazi ambayo leo hutundikwa katika majumba ya sanaa ya ng'ambo. Hivyo ndivyo anavyosimulia Cyrus Kabiru, msanii aliyezaliwa mwaka wa 1984 na kukulia mtaa wa Korogocho jijini Nairobi. Masimulizi yenyewe ni mafupi, lakini yamenikaa rohoni kuliko picha zote za kazi zake nilizowahi kuziona.

Babake Kabiru alikuwa na miwani utotoni. Ikaharibika akiwa nayo yeye. Nyanyake Kabiru hakulifumbia macho jambo hilo, na tangu siku hiyo kijana huyo akaichukia miwani kabisa. Miaka ikapita, akaoa, akapata mtoto ambaye, kati ya vitu vyote duniani, alitamani miwani. Baba akakataa. Mtoto akazidi kuililia, hadi baba akamwambia kwamba kama anaitaka kweli, basi ajitengenezee.

Nimeligeuza neno hilo mara nyingi. Je, ni kauli ya mzee aliyechoka kusumbuliwa, au ni mtu aliyekuwa akimkinga mwanawe na adhabu iliyompata yeye? Kabiru mwenyewe halilaumu. Husema babake ndiye chanzo cha kazi hii.

Mtoto alilichukua neno la baba jinsi lilivyo, na malighafi yalikuwa mlangoni. Korogocho imepakana na jaa la taka la Dandora, lililofunguliwa mwaka wa 1975. Kabiru anasema kitu cha kwanza alichokuwa akikiona kila alipoamka ni taka, na kwamba alizoea kumwambia babake angependa kuzipa taka hizo nafasi ya pili. Hakwenda chuo cha sanaa. Alijifunza kwa mikono yake, akikunja waya, akitoboa vifuniko vya soda, akiunga vijiko na mabaki ya vyombo vya umeme.

Miwani yake ameipa jina la C-Stunners, na ukiiona utaelewa kwa nini. Mingi haina kioo. Mahali pa kioo pana wavu wa chuma, au duara la waya lililozungushwa hadi likaziba jicho, au bati lililotobolewa matundu. Fremu hupanda juu ya paji la uso kama pembe, au hushuka hadi mashavuni. Huwezi kuivaa usome gazeti. Hata hivyo imesawazishwa puani na masikioni sawasawa na miwani ya daktari, na Kabiru huivaa mwenyewe akapigwa picha, kwa sababu kwake kazi haijakamilika mpaka ipate uso. Anasema ni tiba pia: mwenye mawazo mengi akikutana mjini na mtu aliyeivaa, macho yake yote huhamia huko na yaliyokuwa yakimsumbua yakampa nafasi ya kupumua.

Shuleni hakuwa mtu wa vitabu. Anakumbuka akiwapa wenzake vitu alivyounda ili wamfanyie kazi za ziada. Babake alitaka asomee uhandisi wa vifaa vya elektroniki, akakataa. Mtaani wazazi wakawa wanawatisha watoto wao kwamba wasiposoma kwa bidii wataishia kuwa kama Kabiru. Mwaka wa 2015, makumbusho ya Vitra nchini Ujerumani yalipoandaa maonyesho ya Making Africa, picha ya Kabiru akiwa na miwani yake ndiyo iliyotumiwa kuyatangaza. Ningependa kujua wazazi wale wanawatisha watoto kwa jina gani siku hizi.

Ameunda pia sanamu kutokana na baiskeli za Black Mamba, zile nyeusi nzito zilizobeba maziwa, magunia na abiria kabla ya bodaboda kuzifukuza, hasa baada ya serikali kuondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008. Anataka zikumbukwe.

Lakini jaa lile halitoi miwani tu. Mwaka wa 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake papa hapa Nairobi, lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusomea karibu na Dandora. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubaliwa kimataifa. Julai 2021 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru jaa lihamishwe katika muda wa miezi sita. Malori bado yanamwaga. Waliopimwa wakiwa wachanga wakati ule sasa ni watu wazima. Nani amewarudia kuwapima tena?