Ploti na Kipande cha Sabuni

Sabuni ya shilingi 116 katika duka la Kerugoya, Kenya, hubeba shilingi 16 za kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Mwenye ghorofa mjini hulipa hizo 16, na kibarua wa kuchuma kahawa hulipa zizo hizo, ingawa kwake zinamega sehemu kubwa zaidi ya ujira wa siku. Unga wa mahindi na maziwa mabichi havitozwi, nafuu ya kweli hiyo. Lakini VAT ya petroli ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023, nayo nauli hufuata petroli.

Kodi ya ardhi, ambayo Katiba ya 2010 iliiachia kaunti, humwendea mwenye ploti. Yaonekana ya haki zaidi, na kwa jumla ndivyo. Ila Kenya imezoea kuthamini kiwanja kitupu: ghorofa na kibanda cha mabati kwenye viwanja vya thamani moja hulipa sawa. Tena mjane aliyerithi ploti huenda hana mshahara.

VAT hukatwa dukani papo hapo. Malimbikizo ya kodi ya ardhi husubiri, na kaunti nyingi husamehe riba ili wadaiwa wajitokeze.