Samaki wa Horini Wanakula Nini?

Mfanyakazi wa pwani hununua fungu lake la chaa au mikizi jioni, akalipeleka nyumbani, watoto wakala. Ni wachache wanaojiuliza samaki huyo naye alikula nini kabla ya kuliwa. Swali hilo si la wataalamu peke yao. Jibu lake linatueleza kwa nini mwaka mmoja samaki hujaa na mwaka mwingine wavu hurudi mtupu.

Hori ni maji ya bahari yaliyoingia nchi kavu na kubaki na mlango mwembamba. Maji ya bahari kuu yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo moja. Horini hesabu hiyo haitulii. Mto ukileta maji matamu, chumvi hupungua. Jua likiwaka miezi mingi na mlango ukazibwa na mchanga, maji hupanda juu kama mvuke lakini chumvi hubaki, hata ikapita ile ya bahari. Chumvi ikibadilika, chakula hubadilika. Na chakula kikibadilika, samaki nao hubadilika.

Kuna makundi matatu ya walaji.

Kundi la kwanza ni wale wanaokula mimea na uozo. Mkizi huchota mchanga na matope kwa mdomo, akachuja, akameza ukoga na mabaki ya majani yaliyooza. Hana meno ya kutafunia, lakini tumbo lake lina sehemu nene kama firigisi ya kuku, na mchanga aliomeza husaidia kusaga chakula humo. Mwatiko hana meno kabisa. Hula utando wa ukoga unaoota chini ya maji ya kina kifupi. Ndiyo maana wafanyakazi wa mashamba ya chumvi huwakuta miatiko wadogo katika mabwawa ya kwanza, walikoingia na maji makuu. Tasi naye hula nyasi za bahari na mwani.

Kundi la pili ni wachimbaji. Chaa anao mdomo unaochomoza mbele kama bomba. Huuchomeka mchangani akavuta minyoo na wadudu wadogo wa maji. Changu ana taya zenye nguvu, huvunja magamba ya kaa, konokono na chaza.

Kundi la tatu ni wawindaji, kama mzia na kolekole. Hawa hula samaki wenzao na kamba. Kwa hiyo mwindaji anategemea mkizi, na mkizi anategemea jani la mkoko lililoanguka na kuoza. Akatae mkoko mvuvi asiyejua, mwishowe amejikatia chakula mwenyewe.

Yafaa kutazama mfano wa Ziwa St Lucia, katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Ziwa hilo huungana na bahari kwa mlango mmoja mwembamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mto Mfolozi ulitengwa na mlango huo ili matope yasizibe njia. Matope yalizuiwa, lakini maji matamu ya mto nayo yakakosekana. Ukame ulipokuja, mlango ulifungwa mwaka 2002, na kufikia 2006 sehemu kubwa ya ziwa ilikuwa imekauka. Mwezi Machi 2007 mawimbi makubwa ya dhoruba yaliufungua tena kwa muda.

Chumvi inapozidi sana katika ziwa kama hilo, nyasi na wanyama wengi wa matopeni hufa. Wachimbaji hukosa chakula. Wawindaji waliozoea bahari hawawezi kutoka, maana mlango umefungwa. Anayestahimili ni perege wa Msumbiji, ambaye ameonekana akiishi hata katika chumvi mara tatu ya ile ya bahari. Siri yake mojawapo ni kwamba hachagui: hula ukoga na uozo wa chini, chakula ambacho hubaki wakati vingine vimekwisha.

Ndugu wafanyakazi, somo ni hili. Hori ni shamba na pia ni malezi. Mikizi na miatiko huzaa baharini, na watoto wao huingia horini kula na kukua. Anayekokota kokoro lenye matundu madogo juu ya nyasi huvua watoto hao, na papo hapo hung'oa chakula cha wale waliosalia. Wahenga walisema hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Lakini mkizi asiyefika umri wa kuruka hamfurahishi mtu.

Hata hivyo, tusimlaumu mvuvi peke yake. Mtu mwenye njaa hawezi kutupa wavu wake kwa sababu ameambiwa ni mbaya. Apatiwe mkopo wa wavu unaofaa kupitia ushirika. Vilevile, wanaopanga kugeuza mto, kukata mikoko au kuziba hori wawaulize kwanza wanaoishi kwa hori hilo. Mvuvi, mchuuzi na mfanyakazi wa chumvi wanayajua maji hayo kila siku, nao wanastahili kukaa katika kikao kinachoamua habari zake.